Nilisikia Mikila

Kamina, nyuma ya kanisa la misheni,
Haut-Lomami, Shaba.
Jumapili, tarehe 9 Machi 1975.

Mpendwa mdogo wangu Stanislas,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninajua umeitikia huko Bukavu, hata kama umeitikia kimya kimya kwa sababu ya majirani.

Kabla hujaendelea, geuza bahasha uitazame. Nimeifunga kwa bukari, ugali laini wa muhogo, na ndani ya mkunjo nimechora msalaba mdogo kwa wino. Kama msalaba umekatika katikati, jua kuna mtu aliyetangulia kuisoma, na umwombee kwa Mungu asamehewe, maana mimi bado sijamsamehe. Inaletwa na baba André, yule anayesafiri na treni mpaka Kalemie, na huko atampa mtu wa meli. Baba André simwamini sana, lakini posta ninaiamini pungufu ya hapo.

Habari za mwili? Ule mguu wako unaovimba wakati wa mvua umepoa? Na Ève, kifua chake kimetulia? Watoto wanakula vizuri? Usinijibu tena "tuko wazima wote" kama mwaka jana, halafu mimi nasikia kwa wapita njia kwamba ulilala kitandani mwezi mzima. Dada yako si mgeni wa kudanganywa kwa adabu.

Sisi huku tuko, kwa kiasi tunachopewa. Mvua ni nyingi, mahindi yamesimama vizuri, na nyani bado hawajayajua. Mwanangu Kitwa ameacha pombe tangu Kwaresima ianze. Ninamwangalia tu, Pasaka haiko mbali.

Na Béatrice, binti yako, anatembea. Leo amekwenda misa kwa miguu yake mwenyewe, akarudi, akateka ndoo moja ya maji, na ya pili nikamnyang'anya. Ninaliweka hilo mbele ili moyo wako usidunde unaposoma yaliyobaki.

Nimekuandikia Stanislas na nitaendelea kukuandikia hivyo. Ninajua serikali haiyataki tena majina ya ubatizo kwenye karatasi, na shuleni wanakuita kwa jina la babu. Lakini siku ulipomwagiwa yale maji ni mimi niliyekushika, na ulinikojolea gauni la sikukuu. Anayetaka kulifuta jina hilo aje kwanza aniulize mimi. Mambo ya masomo ya dini jinsi yalivyoondolewa kwenye shule zenu sikuulizi, barua zina macho.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani.

Barua yako ya mwisho wa Januari ilifika. Umeandika kwamba bila mimi binti yako angekuwa kaburini. Umeandika kwamba nimeyapokea mapenzi ya Mungu kwa imani kubwa na kwamba utawasomea wanafunzi wako habari zangu kama mfano. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikatafuta kama unanicheka. Mara ya tatu nikataka kujua ni nani aliyekuambia hayo. Ninashuku ni Banza, mkwe wako, mumewe Béatrice. Ni kijana mwema anayemsema vizuri kila mtu, na watu wa namna hiyo hunitia mashaka tangu zamani. Mara ya nne nililia.

Shukrani hiyo si yangu, Stanislas. Ninakurudishia. Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, na ukimaliza kusoma ni wewe utakayeamua kama bado utaniita yaya, dada yako mkubwa.

Béatrice alishikwa na uchungu Jumatatu, tarehe 13 Januari. Banza alikuwa kazini Luena, tukampelekea habari kwa watu wa treni. Hospitalini mtoto alizaliwa kimya. Mamère Denise, yule mtawa mwenye miwani, alimwagia maji ya ubatizo haraka haraka, lakini sidhani kama yalimkuta. Alikuwa wa kiume. Tulimzika siku hiyo hiyo, na hayo nilikwisha kukuandikia. Ambalo sikukuandikia ni kwamba damu ya Béatrice haikukoma vizuri. Jumanne asubuhi midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na nilipomwita alinitazama kana kwamba mimi ni mtu wa mbali.

Infirmier Xavier, muuguzi wa zamu, alitukusanya kwenye baraza. Alisema dawa zinasaidia, lakini binti huyu ameishiwa damu na anahitaji ya mtu, na damu za watu si zote zinazopatana. Kwa hiyo ndugu watoke wapimwe. Banza alikuwa ameshuka kwenye treni saa hiyo hiyo, hata hajanawa uso. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Damu yake haikupatana. Kitwa akanyoosha wa kwake, nao haukupatana. Kisha Xavier akanigeukia mimi.

Hapa ndipo ninapokuomba ukae chini, kama umesimama.

Nilisema mimi ni mwanamke mzee, damu yangu imechoka. Xavier akasema kupima ni tone moja tu la kidole. Nikasema, "Mapenzi ya Mungu yafanyike," nikafanya ishara ya msalaba, nikaondoka barazani. Watu wote pale walitikisa kichwa kwa heshima. Hata Banza alitikisa. Nadhani ndicho alichokuandikia.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Unakumbuka mama alivyokuwa akituita ndani jua likiinama, akisema batumbula wanapita na gari lao, wanachukua watu na kunywa damu yao? Wewe ulikua ukaacha. Mimi nilikua nikaficha. Kila nikiona ile chupa yenye mpira na sindano, moyo wangu unauliza: damu hii inakwenda wapi? Nani anaihesabu ikishatoka? Sikutaka kusema hivyo mbele ya watu, mimi mama wa kanisa. Nikamtanguliza Mungu mbele ya woga wangu, naye hakunikana hapo hapo. Angenikana ningejua la kufanya.

Nawe unaijua kazi yangu. Kila Jumamosi ninafua vitambaa vya altare, pamoja na vile vidogo ambavyo padri hufutia kikombe cha damu ya Kristo. Maji ya kwanza ya vitambaa hivyo siyamwagi ovyo, ninayamwaga kwenye udongo safi chini ya waridi wa misheni, nimefanya hivyo miaka ishirini na mmoja. Mtu akikanyaga pale ninamkemea. Damu ile ninaiheshimu kiasi hicho, na tone la kidole changu nikalinyima.

Sasa kuna mwanamke mmoja wa base, kule kambi ya jeshi, mke wa askari, anaitwa Bolingo. Ametoka mkoa wa Équateur, Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Mtoto wake wa miaka mitatu alilazwa kwenye hospitali ile ile mwezi wa Desemba, akafa baada ya Noeli na kuzikwa kule base. Hayo niliyasikia kwa wanawake wanaopikia wagonjwa uani. Nikajiuliza, kama mtoto wake amekwisha kuzikwa, anatafuta nini hospitalini? Maana Jumatatu alikuja na lori la askari, na Jumanne tena, akakaa ukutani upande wa pili wa kitanda cha Béatrice, akimtazama. Midomo yake ilitembea bila sauti. Na kwenye pembe ya kitenge chake alikuwa amefunga kitu kidogo kwa fundo, anakishika shika kila mara.

Wewe ungefikiri nini? Usinijibu. Wewe ungemwamkia na kumpa kiti, ninakujua. Mimi nilihamisha kitambaa cha kichwa cha Béatrice na nywele zake zilizobaki kwenye kitana, nikaviweka kifuani mwangu.

Jumanne ile mchana, Banza alipokwenda kutafuta ndugu zake wengine, Bolingo alisimama akaja mpaka kitandani. Akapiga goti kwangu kwa adabu. Akanionyesha Béatrice, kisha mkono wake mwenyewe, akasema, "Mama, nalingi kopesa makila na mwana oyo."

Maneno hayo sasa ninayajua kwa moyo, nimeyarudia mara nyingi kuliko Salamu Maria. Siku ile nilishika matatu tu. Nilishika mwana. Nilishika pesa. Na nilishika mikila.

Mikila, Stanislas! Unajua sisi Baluba tunasikia nini mtu akisema mukila karibu na kitanda cha mgonjwa. Si mkia wa mbuzi wa kuchemsha. Ni mikia ile ya waganga wa kule porini, ile wanayoipunga na kuifunga dawa ndani. Nikaona yote kwa mara moja: mtoto wake amekufa, amekwenda kwa mganga, ameambiwa atafute mgonjwa mwingine wa kuachia kifo chake, na mukila wenyewe umefungwa pale kwenye pembe ya kitenge. Na juu yake anataka tumlipe!

Nikasimama. Nikamwambia, "Weye mwanamuke, mutoto yetu haiko ya kuchezea. Rudisha mikila yako kwenyu."

Hakuelewa. Akarudia neno lile lile polepole, akigonga mkono wake kwa vidole viwili, hapa ndani ya kiwiko. Nikaona anajipiga kwa uchawi. Nikamshika bega nikamtoa nje, na sikuishia hapo. Nilikwenda kwa mlinzi wa lango nikamwambia mwanamke huyu anatafuta kudhuru watu, asiingie tena. Mlinzi ananijua, mimi ni mama wa vitambaa vya altare. Neno langu lilimtosha.

Jumatano Bolingo alikuja akazuiwa langoni. Nilimwona kwa dirisha, amesimama kwenye mvua chini ya jani la mgomba, haondoki. Nikasema moyoni, tazama mchawi alivyo mvumilivu. Siku hiyo Béatrice alianza kumwita mama yake marehemu, akiongea naye kama mtu aliyekaa kwenye kitanda cha pili. Ndugu za Banza walikuja wawili. Mmoja damu yake haikupatana, na wa pili alipoona sindano alisema anakwenda kununua kiberiti, na mpaka leo hajarudi na kiberiti hicho. Watu wakaanza kusema taratibu kwamba tujiandae. Padri akampaka mafuta matakatifu. Nami nikawa ninarudia neno langu: mapenzi ya Mungu yafanyike, mapenzi ya Mungu yafanyike. Kila nikilisema, watu wananipa pole na kunisifu.

Alhamisi saa nne mamère Denise alirudi kutoka zahanati ya kijijini alikokuwa kwa siku mbili. Akamkuta Bolingo langoni. Kumbe mamère alifanya kazi Équateur miaka mingi kabla ya kuja huku kwetu, Kilingala anakisema kama aliyezaliwa nacho. Nikawaona wanaongea. Nikaona Bolingo anafungua fundo la kitenge, nami nikajisemea, sasa mukila utaonekana. Akatoa karatasi. Mamère akaisoma, akamshika mkono, wakaja wote wawili kwa haraka, nusu wakikimbia.

Mamère hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniambia, "Mama Augustine, huyu alitaka kutoa damu. Makila kwa Kilingala ni damu."

Nilimwuliza na pesa je. Akasema kopesa ni kutoa.

Ile karatasi ilikuwa ya hospitali. Mwezi wa Desemba, mtoto wake alipohitaji damu, walimpima Bolingo na kumwandikia kundi lake, lakini siku zile alikuwa na homa kali, wakakataa kumtoa damu. Hajui kusoma. Aliitunza karatasi kwa sababu aliambiwa hapo ndipo damu yake ilipoandikwa. Na midomo yake pale ukutani ilikuwa ikisali rozari, kwa sababu rozari yenyewe alizikwa nayo mtoto.

Walipoleta chupa ya damu ya Bolingo na kuining'iniza juu ya Béatrice, mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Nilihesabu matone. Jioni midomo ikapata rangi. Ijumaa binti yako alifungua macho akaniambia, "Shangazi, miye iko na njaa," akataka bukari na samaki mkavu wa Kinkondja. Banza alicheka mpaka akaenda kulia nyuma ya jengo. Kila mtu alinipongeza kwa imani yangu, na nilipokea pongezi hizo, Stanislas. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Xavier anasema damu ingechelewa siku moja zaidi, Béatrice tusingekuwa naye. Hata hivi alivyopona, moyo wake umebaki mwepesi kuchoka, na kama atazaa tena hawajui. Siku mbili zile, Jumanne mpaka Alhamisi, ni mimi niliyezichukua. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mjukuu alikuja hakukaa, yamekaa majuto.

Mwezi wa pili nilikwenda base. Nilibeba kuku mmoja na samaki, nikapanda lori pamoja na wake za askari. Wote wanaongea Kilingala na kucheka, nami nikishuku kwamba wananicheka mimi. Sasa nimejifunza kushuku na huku naendelea na safari. Mume wa Bolingo ana cheo cha adjudant jeshini, anaitwa Mathieu, Kiswahili anakiweza kwa sababu amekaa Kongolo. Yeye ndiye aliyenifasiria.

Nilipiga magoti nikaeleza yote, pamoja na mikila. Mathieu alipofasiri neno hilo alisita, akatazama mke wake kwa woga. Bolingo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono mdomoni na kuanza kucheka, akacheka mpaka kitenge kikalegea, akashika sehemu ya nyuma ya kiuno chake kama anayetafuta mkia. Mathieu aliniambia baadaye kwamba hajamsikia akicheka tangu Noeli. Mimi sikucheka, ila niliona aibu yangu inapungua uzito kidogo, kama mzigo ambao mtu mwingine ameushika kwa upande mmoja.

Walinipeleka kwenye kaburi. Ni dogo, wameweka mawe meupe kandokando. Hapo nikamwuliza lile ambalo lilikuwa linanisumbua: kwa nini alirudi kwenye hospitali ile ile, na kwa nini kwa mtoto wetu asiyemjua. Nilitaka kujua kuna nini nyuma yake. Unaniona? Hata pale kaburini nilikuwa bado natafuta kitu nyuma yake.

Hakungoja Mathieu afasiri. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mutu moja ya Kamina alipesa mutoto yangu makila. Siyui jina yake. Mungu alibeba mutoto. Makila ya ule mutu siwezi kuacha ifie mu kaburi."

Nikamwuliza kama hana hasira na Mungu. Akasema hasira iko. Akasema hasira iko na anasali nayo, haiachi nyumbani.

Njiani kurudi Mathieu alinieleza jambo moja ambalo nakuandikia wewe mwalimu, ulipime. Anasema kwao neno la kutaka na neno la kupenda ni moja, ndilo lililozaa na jina la mke wake. Kwa hiyo wakisali Baba Yetu, wakifika pale pa mapenzi ya Mungu, wanasikia yote mawili. Nikafikiri, kumbe na sisi tunasema mapenzi. Nimelisema neno hilo tangu utoto, na miaka yote nilisikia kama amri ya chef de cité, mkubwa wa mji: keti kimya, usiulize, imekwisha kuamuliwa. Bolingo alilisikia akainuka akakaa langoni siku mbili kwenye mvua. Mimi nilikunja mikono nikaita imani. Tangu siku hiyo mtu akisema mbele yangu "ni mapenzi ya Mungu" namtazama kwanza mikono yake iko wapi, nikianza na mimi mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita Mathieu alihamishiwa Mbandaka, wameondoka kwa ndege ya askari. Nilimpa Bolingo rozari yangu ya mbegu, ile niliyorithi kwa mama. Ilikuwa yako nusu, na sikukuomba ruhusa. Nisamehe hilo pia, ukiwa unasamehe.

Sikufikiri kwamba bado kuna lingine. Lakini liko, na ndilo hili lililonifanya niandike leo na nisingoje Pasaka.

Jana Jumamosi nilikuwa namwaga maji ya vitambaa chini ya waridi. Mamère Denise akapita mbio akielekea kwa padri, akauliza kama kuna kijana yeyote misheni, kuna mtu hospitalini anahitaji damu. Vijana hawakuwepo, wamekwenda Luena kwa mchezo wa mpira. Nilitazama yale maji yanavyoingia kwenye udongo. Nikafuta mikono, nikamwambia twende.

Usifikiri nilikuwa jasiri. Nilimwuliza Xavier sindano hiyo imechemshwa lini, nani aliichemsha, chupa itawekwa wapi, na ufunguo wa hapo anao nani. Akanijibu yote bila kuchoka, akanionyesha hata ufunguo. Akanichoma kidole, akadondosha kwenye kisahani, akatikisa, akatazama. Akatazama tena. Akaandika kwenye karatasi, na sikupenda alivyokuwa akiandika bila kuinua uso.

Nikamwambia kama damu yangu imeharibika aseme. Akasema, "Hapana, mama. Damu yenu ni ya muzuri. Ni groupe moja na ya Béatrice."

Yeye alikuwepo barazani ile Jumanne, alinyoosha mkono kwangu na kusema ni tone moja tu. Nami nilikuwepo. Hakuna mwingine aliyehitaji kutuambia.

Kwa hiyo elewa vizuri, mdogo wangu. Sikumfukuza tu aliyeleta damu. Ile damu yenyewe nilikuwa ninatembea nayo. Nilikaa kando ya kitanda cha binti yako siku tatu, nikimpepea, nikimsalia, nikimpangusa jasho, na dawa yake iko ndani ya mkono uliokuwa ukimpepea. Ulinipa Béatrice akiwa na miaka minne, siku mama yake alipozikwa, ukasema, yaya, huyu ni damu yako. Ulisema hivyo hivyo. Neno lako nililisikia likiwa na maana ndogo kuliko ulivyolisema.

Béatrice nimekwisha kumwambia, jana hiyo hiyo. Aliniuliza kama nimekula, kwa sababu mtu akitoa damu lazima ale. Akanipikia. Sijui kama amenisamehe au alinionea huruma tu, na kwa mara hii sichunguzi. Nimemwomba Mungu na padri, na padri amenipa kitubio, nacho si kidogo. Umebaki wewe. Ukitaka kuja kumchukua, njoo, sitakuzuia wala sitasema umekosea. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitajua. Ila usiwasomee wanafunzi wako habari zangu. Au kama utawasomea, wasomee hizi.

Walinilaza. Xavier akafunga mpira mkononi, na damu ikaanza kwenda. Ni nyeusi kuliko nilivyodhani. Mamère Denise alikaa karibu ili nisiogope, akaanza kunieleza kwa upole mgonjwa ni nani, ametoka upande gani, ni mtu wa wapi. Wewe unanijua. Mimi ninayeuliza hata kuku kwa nini amelala mapema.

Nilimwambia asiniambie.

Nisalimie Ève na kifua chake, nisalimie watoto kila mmoja kwa jina lake la ubatizo, uyatamke ndani ya nyumba. Banza anakuamkia kutoka Luena, na Kitwa pia, akiwa bado hajaonja kitu. Béatrice anasema atakuandikia mwenyewe, nami sitaisoma barua yake. Mungu akulinde njiani na nyumbani, na hicho anachokitaka kwako kiwe ndicho anachokupendea.

Ni mimi niliyekushika siku ya maji, ninayekupenda hata ukikasirika, na yaya yako kama utakubali,

Augustine Ngoie